Pikipiki ya porini ya bei nafuu: kabla hujalaumu shokapu, chukua futikamba

Mfuganyuki wa Kilolo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu. Nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye milioni tatu hivi mkononi anayetaka pikipiki ya kupanda nayo milima, si ya kupakia abiria mjini.

Mimi nafuga nyuki. Mizinga yangu iko upande wa Dabaga na mingine kuelekea Boma la Ng'ombe, wilaya ya Kilolo. Anayezijua njia za huko masika anajua ninachosema: udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na kiangazi kikishika barabara inajikunja vijituta vya mfululizo vinavyotikisa mpaka meno. Nilikuwa na pikipiki ya kawaida, ile ya bodaboda. Nimeanguka nayo mara mbili nikiwa na ndoo za asali nyuma. Ile ya pili, asali yote ilikwenda mtaroni, nikasema basi.

Nilizunguka miezi miwili kabla ya kununua. Moyo wangu ulikuwa kwenye Mjapani aliyetumika: Honda XL, Yamaha DT au AG, zile zinazotoka kwenye miradi na kuishia mnadani. Ni pikipiki za kuaminika, lakini zilizoangukia kwenye bajeti yangu zilikuwa zimeshachoka, na mbili kati yake namba ya chesisi haikufanana na ya kwenye kadi. Hapo usibishane wala usiombe maelezo, rudisha hela mfukoni uondoke. Honda XR150L mpya au Yamaha XTZ125 mpya ningezipenda, ila hela haikufika.

Nikaishia kwa Mchina wa cc 200, mpya, tairi la mbele inchi 21 na la nyuma inchi 18. Jina la kampuni silitaji. Pikipiki ya umbo hilo inatoka viwanda vingi na mara nyingi kinachobadilika ni stika. Cha kuangalia ni injini. Nyingi zimefuata ile ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, inayofungua valvu kwa fimbo za kusukuma badala ya cheni ya ndani. Honda waliamua hivyo kwa kujua kuna nchi ambako pikipiki inabebeshwa kupita uwezo wake na kubadili oili kunasahaulika. Ndiyo maana fundi yeyote chini ya mwembe anaifungua na kuifunga bila kuuliza.

Halafu soma maandishi yaliyochongwa kwenye blok ya injini, usisome stika ya ubavuni. Ukikuta 163FML, hiyo ndiyo cc 200: moja ni idadi ya silinda, 63 ni upana wa pistoni kwa milimita. Ukikuta 162FMJ, hiyo ni cc 150. 157FMI ni cc 125. Nilikuta dukani pikipiki imeandikwa 200 kwa herufi kubwa nyekundu, nikainama, blok inasema 162FMJ. Muuzaji akaniambia "ni ileile tu". Si ileile.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nilete uzi.

Wiki ya kwanza nilijuta. Nyuma inagonga chini kila nikivuka shimo, mgongo unauma, na mbele inapepesuka nikiingia mchangani. Fundi wa kwanza akaniambia shokapu za Kichina ndivyo zilivyo, nikatafute nyingine. Wa pili alifungua za mbele, akamwaga oili iliyokuwemo, akajaza oili chakavu ya injini "ili zikaze". Zikakaza kweli! Zikawa hazirudi. Ukipiga shimo la kwanza zinazama, la pili zinakukuta bado ziko chini, la tatu unaruka kwenye siti.

Ndipo nikakaa chini na futikamba. Kipimo chenyewe ni cha darasa la tano, mnisamehe nikikieleza taratibu.

Unapandisha pikipiki kwenye kreti la soda ili tairi la nyuma lining'inie. Unaweka alama ya tepu kwenye madigadi, juu kabisa ya ekseli. Unapima kutoka kwenye ekseli hadi kwenye alama. Mimi nilipata sm 61.0. Hicho ndicho kipimo chako cha kwanza.

Unaishusha isimame kwa matairi yake yote mawili, wima, bila mtu. Unapima tena: sm 58.6. Kwa hiyo kwa uzito wake wenyewe imedidimia sm 2.4.

Kisha unapanda wewe, na nguo zako zote za safari, buti na kofia, miguu yote juu ya vikanyagio. Mtu mmoja aishike mbele isiyumbe, mwingine apime. Yangu ilisoma sm 52.8. Maana yake mimi nikikaa tu, kabla sijawasha injini, nimeshamaliza sm 8.2. Na tairi la nyuma lina sm 18 tu za kupanda na kushuka! Karibu nusu ya safari ya shokapu nimeila nikiwa nimesimama uwanjani. Inayobaki ndiyo ya kupokea mashimo yote ya Kilolo, pamoja na asali.

Kanuni wanayotumia watu wa pikipiki za porini ni hii: ukiwa umekaa, mdidimio uwe kama theluthi moja ya safari yote, au pungufu kidogo. Kwa sm 18 ni sm 5 hadi 6.

Kwenye shokapu yangu kuna nati mbili za ringi juu ya springi. Nililegeza ya juu, nikazungusha ya chini mizunguko sita, nikairudishia ya juu ikafunga. Kila mzunguko unakaza springi kwa milimita moja na nusu, ila kwa jinsi mkono wa tairi (ule uma wa chuma unaoshika tairi la nyuma) ulivyofungwa, kwenye tairi inakuwa karibu milimita nne. Nikapima upya nikiwa nimekaa: sm 55.0. Mdidimio sm 6.0. Nilifurahi sana.

Kesho yake nilikwenda Dabaga na kurudi, haikugonga hata mara moja. Lakini nyuma inapiga teke: nikifunga breki kwenye mteremko, tairi linaruka juu kama limekosa udongo. Nikapima tena bila mtu: sm 60.8. Yaani ikiwa peke yake haididimii hata kidogo, milimita mbili tu. Wajuzi wa humu, hapo nimekosea wapi? Na mbele nifanyeje na ile oili chakavu?

---

Mzee wa DT

Mwanangu, umeanza vizuri kuliko wengi. Nimekuwa afisa misitu miaka mingi, nikipewa pikipiki ya kazi baada ya pikipiki, na sikuwahi kumwona mwenzangu akipima.

Vijana wadogo hawajui kwamba pikipiki ya namna hii, ya lami na porini kwa pamoja, kwa kiasi kikubwa ilipata soko pale Yamaha walipotoa DT-1 mwaka 1968, cc 250, injini ya viharusi viwili. DT tulizokuja kutumia sisi zilikuwa za ukoo huo. Yangu ya kwanza ilikuwa na shokapu mbili nyuma, na kukaza kwake ni ringi yenye vidato, unaigeuza kwa spana ya ndoano. Hakukuwa na nati za kuhesabu mizunguko. Tukibeba mzigo tunapandisha vidato viwili, tukishusha mzigo tunarudisha. Wanaosahau kurudisha ndio wanaorushwa.

Nikuongezee moja. Kabla ya kupima, hakikisha maungio ya mkono wa tairi la nyuma yana grisi. Kwenye pikipiki mpya za bei nafuu mara nyingi unakuta grisi ya kupaka midomo tu. Maungio yakiwa makavu, pikipiki inakwama njiani na kipimo kinakudanganya. Pima mara mbili: kwanza ikandamize chini uiachie polepole ipande yenyewe, soma. Kisha iinue juu uiachie polepole ishuke yenyewe, soma. Chukua katikati ya hizo mbili. Tofauti ikizidi sm moja, fungua, safisha, paka grisi kwanza.

---

Nati 14

Kwa nini mnajitesa na futikamba? Kaza springi mpaka mwisho, mambo yaishe. Mimi yangu nimekaza yote na nabeba magunia mawili ya mkaa.

---

Fundi wa Ipogolo

Mkuu Nati 14, kwa magunia mawili ya mkaa uko sawa, kwa sababu mzigo wako haushuki. Mleta uzi anakwenda na ndoo tupu na kurudi na ndoo zimejaa.

Sasa nimjibu mwenye uzi. Wengi wanadhani ukikaza nati unaifanya springi iwe ngumu. Hapana. Springi ina ugumu uleule iliozaliwa nao. Kama inahitaji kilo tano kushuka milimita moja, itahitaji kilo tano hata ukaze namna gani. Unachobadilisha ni mahali pikipiki inaposimama: juu zaidi au chini zaidi. Ndiyo maana vipimo vyako vyote viwili vimepanda kwa sm 2.2 sawasawa. Cha peke yake kimetoka 2.4 hadi 0.2, cha kwako kimetoka 8.2 hadi 6.0.

Na hapo ndipo jibu lako lilipo. Ukiwa umekaa kipimo ni sahihi, lakini ikiwa peke yake haididimii. Hiyo inakuambia springi ni laini kwa uzito wako, umeilazimisha kusimama juu kwa kuikaza. Tairi linahitaji nafasi ya kushuka pia, siyo kupanda tu. Ukipita juu ya shimo, tairi lifuate udongo chini. Yako haina pa kushukia, imeshafika mwisho wa juu, ndiyo inaruka ukifunga breki. Kwa pikipiki kama hiyo, peke yake inatakiwa ididimie sm 1 hadi 2.

Ingekuwa kinyume, yaani ukikaa iko sawa na peke yake imezama sana, springi ingekuwa ngumu mno kwako.

Una kilo ngapi?

---

Mfuganyuki wa Kilolo (mleta uzi)

Kilo 84, na buti na koti la kazi nafika 90. Nashukuru sana fundi. Nimeisoma mara tatu hiyo ya mwisho.

---

Fundi wa Ipogolo

Basi tafuta springi yenye waya mnene zaidi, urefu na upana wa ndani uleule. Usinunue shokapu nzima kama hii haivuji. Toa springi yako, pima urefu ikiwa huru, upana wa ndani, na unene wa waya, andika kwenye karatasi, uende nayo kwa wauza spea zilizotumika. Unene wa waya ukiongezeka kidogo tu, ugumu unapanda sana, kwa hiyo usichukue ya gari.

Onyo la kweli: springi ya shokapu ikiwa imekazwa ina nguvu ya kuvunja taya. Tumia vibano viwili vya springi, kimoja kila upande, na legeza nati zote kwanza. Na shokapu zenye gesi ndani usizitoboe wala usizichomelee. Nimemwona kijana akijaribu, sitaki kusimulia.

Mbele sasa. Ile oili chakavu itoe leo. Oili ya injini ni nzito mno, na ile chakavu ina uchafu wa chuma unaokula oili sili na bushi. Oili ya shokapu inauzwa, chukua namba 10. Ukiikosa kabisa, oili ya giaboksi za otomatiki inafaa kuliko hiyo uliyowekewa.

Nyanyua pikipiki tairi la mbele liwe hewani kabla hujagusa kofia za juu, maana springi itazirusha. Toa springi, mwaga oili, suuza kwa oili nyepesi mpya mpaka itoke safi. Jaza, kisha pampu taratibu mara kumi na tano mpaka mapovu yaishe. Kipimo si kikombe. Kipimo ni kutoka juu ya bomba hadi usawa wa oili, bomba likiwa limeshuka lote na springi iko nje. Kama huna kitabu chake, anza na sm 15, na pande zote mbili zilingane, milimita kwa milimita. Hewa inayobaki juu nayo ni springi: ukipandisha oili kwa sm moja, hutaona tofauti kwenye vishimo vidogo, ila mwisho wa safari itakuwa ngumu zaidi na haitagonga.

Funga ule utepe wa plastiki wa kufungia nyaya kwenye bomba la kromu, usukume chini ukae juu ya sili. Upande, ushuke, usome umesukumwa kiasi gani. Huo ndio mdidimio wa mbele.

---

Nyoka wa Murram

Niko Maralal, Kenya, nisalimie ndugu zangu. Huku mawe ni mengi kuliko mchanga. Mimi nina XR150L, cc 149, mbele inchi 19 na nyuma 17, na nimeipenda kwa sababu ni fupi na spea zinapatikana. Safari ya shokapu mbele ni milimita 180 na nyuma 150, kwa hiyo hesabu yangu ya theluthi nyuma ni sm 5 na si 6. Msichukue namba ya mwenzako, chukua theluthi ya pikipiki yako.

Pia angalieni upepo wa tairi kabla ya kulaumu springi. Nilihangaika wiki nzima na mbele ngumu, kumbe kijana wa kujaza upepo aliweka kama ya lori. Kwenye murram mimi hushuka hadi psi 22, nikibeba mtu narudi 28.

---

Muuguzi wa Makete

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Nimesoma kimya tangu jana, nimeona niulize.

Mimi ni muuguzi, natembelea vijiji kwa chanjo. Nimenunua pikipiki kama ya mleta uzi, naona hata madigadi yanafanana. Tatizo langu ni kimo. Nina sm 158, nikisimama naigusa ardhi kwa ncha za vidole, na njia za Makete huwezi kuchagua pa kusimama. Fundi wa hapa anataka kulegeza springi mpaka mwisho ili ishuke. Nimwache afanye hivyo?

---

Fundi wa Ipogolo

Dada, usimruhusu. Akiilegeza mpaka mwisho utapata sm mbili tatu za kimo, lakini utazitoa kwenye safari ya shokapu, na mgongo wako ndio utakaolipa. Pima kwanza kama mwenzako alivyoeleza, ulete namba tatu.

Kimo kiondoe kwenye siti. Mpelekee mshonaji wa siti, avue kava, akate sponji sm 3 katikati na apunguze pembeni pale mapaja yanapopita. Pembeni kunasaidia kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu siti pana inakupanua miguu.

---

Mfuganyuki wa Kilolo (mleta uzi)

Mrejesho, wakuu. Imepita wiki tatu.

Springi niliipata kwa mtu wa spea zilizotumika, elfu 35, imetoka kwenye pikipiki kubwa kidogo. Tulifunga na fundi kwa vibano viwili, saa nzima. Grisi ya mzee niliiangalia: boliti kubwa ya mkono wa tairi ilikuwa kavu, ina kutu nyekundu, na pikipiki haina hata miezi minne. Mzee wangu, asante.

Vipimo vya sasa, nyuma: ikining'inia 61.0, peke yake 59.7, nikiwa nimekaa 55.0. Yaani 1.3 na 6.0.

Mbele, ile oili chakavu ilitoka nyeusi tii. Nimeweka namba 10, usawa sm 15. Mdidimio ulikuwa sm 7, nikakata vipande viwili vya bomba la PVC vya sm 2 kila kimoja, nikaweka juu ya springi na washa ya chuma katikati ili springi isile plastiki. Sasa ni sm 5. Kingo za bomba nilizisugua kwa msasa mpaka zikawa bapa kabisa, kwa sababu kipande kikikaa upande kinasagika na unga wake unaingia kwenye oili.

Mambo mawili yaliyonikuta ambayo hamkuniambia. Nyuma ilipopanda, stendi ya pembeni imekuwa fupi, pikipiki inalala sana, ikaanguka yenyewe kwenye ua wa shule. Nimechomelea kipande cha chuma chini ya stendi. Na cheni ilibidi niipime upya. Cheni inakaza zaidi pale ekseli, mhimili wa mkono wa tairi na sproketi ndogo vinapokuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo nilimkalisha mtu mzito siti ya nyuma mpaka vikalingana, ndipo nikaiachia ulegevu. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu, ukibeba mzigo cheni yenyewe ndiyo inazuia shokapu kushuka, na beringi zinakufa.

Jana nimetoka Boma la Ng'ombe na ndoo mbili za lita 20, njia ina utelezi. Niliongeza mizunguko miwili kabla ya kupakia, nikairudisha nilipofika nyumbani. Sikugonga chini. Mgongo hauumi. Asali yote imefika.

---

Nati 14

Mkuu, umenifanya nikapime. Nimelegeza mizunguko minne nikienda kanisani bila mkaa. Ni pikipiki nyingine kabisa.

---

Muuguzi wa Makete

Nimepima na mume wangu jana jioni. Ikining'inia sm 61.0 kamili. Peke yake 58.6. Nikiwa nimekaa na mkoba wa chanjo, 55.0. Nati hazijawahi kuguswa tangu dukani. Nina kilo 54.

---

Fundi wa Ipogolo

Dada, soma namba za mwenzako za siku ya kwanza. Ikining'inia 61.0, peke yake 58.6, ni zilezile zako. Yeye wa kilo 84 alizama sm 8.2, wewe umezama 6.0, ambayo ndiyo theluthi. Pikipiki yako ilitoka kiwandani ikiwa na springi ya mtu wa uzito wako. Usiguse nati hata moja.

Mwambie mshonaji akate sponji, na pembeni apunguze zaidi kuliko katikati. Akimaliza, kaa juu yake nusu saa nyumbani kabla hajashona kava, maana sponji iliyokatwa hairudi.

---

Muuguzi wa Makete

Jumamosi naipeleka. Nitaleta picha ya siti.